Kutazama ndege katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki: mwongozo kamili

Msitu wa Amani huwavunja moyo wengi asubuhi ya kwanza. Sauti za ndege zimejaa kila upande, lakini ukiinua macho unaona jani likitikisika, basi. Aliyezoea Mikumi au Serengeti, ambako tembo husimama peupe na tai hukaa juu ya mti mkavu akionekana toka mbali, hapa hudhani kaja siku mbaya. Siku haina kosa. Msitu wa mlimani una namna yake ya kutazamwa: unasimama zaidi ya unavyotembea, na unasikiliza kabla hujatazama. Ukishaizoea namna hiyo, siku tatu au nne zinatosha kuwaona ndege ambao watu husafiri nusu ya dunia kuwafuata.

Nimeuandika mwongozo huu hasa kwa Watanzania na ndugu zetu wa Kenya. Inaniuma kuona kitabu cha wageni kimejaa majina ya Ulaya na Marekani, ilhali basi la kutoka Tanga mjini halizidi nusu siku hadi lango la hifadhi.

Msitu wenyewe

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ina ukubwa wa hekta 8,380 hivi, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga miteremko hii huacha mvua, na Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Unyevu huo umedumu hapa hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Misitu ikabaki juu ya milima kama visiwa, na viumbe waliobaki ndani yake wakaendelea kivyao. Ndiyo maana kuna ndege wa hapa ambao huwapati Kilimanjaro wala Mau.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani bustani kubwa ya mimea na kituo cha utafiti. Mianzi, mikaratusi na miti mingine mingi ya nchi za mbali utakayoiona karibu na ofisi ilianzia kwenye bustani hiyo. Mti mmoja wa kigeni unastahili kuujua: Maesopsis eminii, ambao asili yake ni magharibi mwa Afrika Mashariki na kuendelea. Hondohondo, ndege wenye midomo mikubwa, hupenda sana matunda yake, nao huzibeba mbegu na kuziangusha ndani ya msitu wa asili. Leo mti huo umeenea mno, na kila panapoanguka mti wa zamani, huo ndio huwahi kuota. Ukiona kundi la hondohondo likila kwenye mti mrefu wenye shina la rangi ya kijivu, muulize mwongozaji kama ndio huo.

Katika enzi ya Waingereza mtaalamu wa ndege Reginald Moreau alifanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928. Ndege wawili ambao leo ndio sababu kubwa ya watu kuja hapa walitambulishwa kwa sayansi katika miaka yake: ndege mdogo wa vichaka Artisornis moreaui, mwaka 1931, na chozi wa Amani, mwaka 1935. Nitawarudia wote wawili.

Lini uende

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei. Barabara ya kupanda huteleza, mawingu hushuka hadi kwenye vichaka, na darubini hujaa ukungu kila baada ya dakika kumi.

Septemba hadi katikati ya Novemba ndio wakati ninaoupendekeza kuliko mwingine wowote. Ndege wanajiandaa kuzaa, kwa hiyo madume huimba tangu alfajiri, na katika msitu mnene sauti ndiyo inayokuonyesha pa kutazama. Vuli ikianza utanyeshewa, lakini mvua za wakati huo mara nyingi huacha nafasi ya saa kadhaa. Januari na Februari pia ni wakati mzuri, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia bado wapo.

Juni hadi Agosti ni baridi na ndege huwa kimya zaidi. Hata hivyo msimu huo una faida moja ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya ndege wa juu hushuka mlima kukimbia baridi, na aina ambayo Septemba ungeitafuta karibu na kilele unaweza kuikuta bondeni. Anayekwenda Julai akae siku nyingi zaidi chini, kandokando ya mto Zigi.

Vifaa

Kitu cha kwanza ni darubini, na hapa watu hukosea kwa kununua yenye namba kubwa. Chini ya miti kuna giza. Darubini ya 8x42 inakuza mara nane, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8 upate zaidi ya tano kidogo: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni. Ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 inakupa mbili na nusu tu. Mchana peupe tofauti huioni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chini ya mkuyu, moja inakuonyesha rangi ya kifua cha ndege na nyingine inakuonyesha kivuli. Tena ukuzaji wa mara kumi unakuza na mtikisiko wa mkono. Kama huna uwezo wa kununua, azima. Darubini ya bei ya wastani ya 8x42 au 8x32 inatosha kabisa.

Kabla ya kusafiri, irekebishe kwa macho yako. Funga kioo cha kulia, tazama kitu chenye maandishi kwa jicho la kushoto na uzungushe gurudumu la katikati mpaka kisomeke. Kisha funga cha kushoto, tazama kitu kilekile kwa jicho la kulia na uzungushe pete iliyo kwenye lenzi ya kulia. Iache hapo. Halafu fanya mazoezi nyumbani: chagua shore mwembeni, mkazie macho, kisha pandisha darubini usoni bila kuondoa macho kwake. Anayeinamisha kichwa kutafuta darubini kifuani akirudi juu ndege keshahama.

Nguo ziwe za kijani kibichi, kahawia au kijivu. Nyeupe na nyekundu ziache mjini. Suruali iwe ndefu na soksi ziwe ndefu pia, za kuchomekea suruali ndani, kwa sababu ya siafu. Koti la mvua linalochakarika ni adui wa masikio, basi chukua la kitambaa laini au mwavuli. Mwavuli unadharauliwa, lakini unakuwezesha kusimama mvuani ukiwa na mikono mikavu. Ongeza buti zenye meno, tochi ya kichwani, betri za akiba, dawa ya mbu, daftari dogo na penseli, maana wino huchuruzika. Malaria ipo, hasa bondeni Zigi, kwa hiyo lala ndani ya chandarua.

Pakua mambo ya simu ukiwa Tanga au Muheza, kwani ukishapanda mlimani mtandao huwa wa kubahatisha. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye picha na ramani kinafaa sana. Rekodi za sauti za ndege unaowataka zisikilize nyumbani wiki mbili kabla, kila siku kidogo. Usijaribu kujifunza sauti hamsini. Chagua kumi: kulukulu wa Fischer, hondohondo, mramba, kubwiro kichwa-kijani, na wengine sita ambao mwongozaji wako atakutajia kwa simu. Ukizijua hizo kumi, sauti yoyote ya kumi na moja itakushtua yenyewe.

Kufika na kulipia

Lango la safari ni mji wa Muheza, kwenye barabara ya lami kati ya Segera na Tanga. Anayetoka Dar es Salaam hupitia Chalinze na Segera. Wa Arusha na Moshi hushuka kwa Mombo na Korogwe hadi Segera. Wa Mombasa huvuka mpaka Horohoro, hufika Tanga, kisha hugeuka magharibi kwenda Muheza. Hapo nunua machungwa. Muheza ndiyo penyewe, na msituni tunda lenye maji linafaa kuliko soda.

Toka Muheza hadi Amani ni kilomita zipatazo 32 za barabara ya vumbi. Sehemu ya kwanza ni ya mashamba na vijiji, halafu lango la hifadhi huko Zigi, kisha kona kali za kupanda. Mabasi yaendayo juu huondoka Muheza mchana na hurudi asubuhi mapema, kwa hiyo ukifika Muheza jioni utalala hapo. Gari dogo hufika kiangazi. Wakati wa mvua tafuta gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote. Bodaboda zipo, ila funika begi lako vizuri na umwambie kijana aende taratibu.

Kiingilio hulipwa kwa kontroo namba, kupitia simu au benki, siyo fedha mkononi. Raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, basi beba kitambulisho cha NIDA au hati ya kusafiria. Uliza bei za mwaka huo ofisi ya hifadhi kabla hujaondoka, pamoja na malazi. Kuna nyumba za kulala wageni Zigi na Amani kwenyewe. Chakula agiza mapema, na sema saa unayotaka chai, kwani mpishi hawezi kukisia kwamba unaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Mwongozaji ni lazima umchukue, na hapa siongelei kanuni. Vijana na wazee wa vijiji vya Amani wanajua mti gani unazaa wiki hii, na ni uchochoro upi bundi alilala juzi. Mwambie ofisini unataka anayejua ndege, si wa matembezi ya kawaida. Malipo mkubaliane kabla, na kama atatoka nawe usiku, hilo lilipwe peke yake. Mpe orodha ya ndege watano unaowataka zaidi. Mwongozaji anayejua unachokitaka atakupanga siku zako vizuri kuliko maandishi yangu haya.

Mchana wa kwanza na alfajiri ya pili: Zigi

Usipite moja kwa moja kwenda juu. Zigi iko takriban mita 450 kutoka usawa wa bahari, Amani karibu mita 900, na ndege wa sehemu hizi mbili hawafanani. Lala Zigi usiku mmoja.

Alasiri, kuanzia saa kumi, tembea polepole kando ya mto. Kwenye mawe katikati ya maji kuna kitikisa mkia wa mlimani, kijivu na mweupe, mkia mrefu usiotulia. Mdiria mdogo wa buluu mwenye nusu kola shingoni hukaa kwenye tawi lililoinama juu ya maji. Mtafute pale penye kivuli, maana jua halimpendezi. Mto huu ndio unaopeleka maji Tanga mjini, na unapoona unavyotoka msituni ukiwa safi unaelewa ulinzi wa miti hii unawahusu na watu ambao hawajawahi kufika hapa.

Alfajiri kuwa nje kabla ya saa kumi na mbili. Simama sehemu moja yenye uwazi wa anga, si njiani chini ya miti. Hondohondo wenye mashavu ya fedha utawasikia kabla hujawaona: mabawa yao yanavuma kama mashine ndogo, kisha wanapita wawili wawili juu ya miti wakilia kwa sauti ya kukwaruza. Jike la ndege huyu, wakati wa kuzaa, huingia ndani ya shimo la mti, na mlango huzibwa kwa udongo ukabaki ufa tu, ambao dume humpitishia matunda wiki nenda wiki rudi. Dume likiuawa katika kipindi hicho, familia nzima imo hatarini. Ukikutana na mtu ana manati, zungumza naye kwa upole na umweleze hilo.

Kulukulu wa Fischer ndiye mrembo wa Zigi. Anapokimbia juu ya tawi ni wa kijani mtupu, na ushungi wake una wekundu. Subiri aruke. Mabawa yakifunguka yanaonyesha nyekundu nzito ambayo haikuwepo kabisa alipokuwa ametulia. Rangi hiyo ina shaba ndani yake, ni ya ukoo wa akina kulukulu peke yao, na nakushauri usipige picha mara ya kwanza. Tazama tu, kwa sababu inaonekana kwa sekunde mbili au tatu.

Katika msitu huu wa chini anaishi pia bundi mdogo wa Sokoke, aliyegunduliwa katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, mwaka 1965, na kupatikana Usambara Mashariki mwaka 1992. Hana ukubwa kuzidi kiganja kilichonyooshwa. Mwongozaji anayejua anapolala mchana atakusogeza hatua chache tu. Baki hapo dakika mbili, usipige picha kwa mwanga wa kamera, ondoka.

Siku ya Amani: tafuta msafara

Hili ndilo jambo ambalo mtu akilijua msitu unafunguka. Ndege wengi wadogo wa msituni hawakai wamesambaa sawasawa. Hutembea pamoja, aina nyingi mchanganyiko, kama msafara, wakila wadudu mti baada ya mti. Unaweza kutembea saa nzima bila kumwona hata mmoja, halafu kwa dakika kumi ukaona aina kumi na tano. Kwa hiyo kazi yako ni kuupata msafara, siyo kumtafuta ndege mmojammoja.

Unaupataje? Msikilize mramba mkia-mraba, ndege mweusi mwenye kelele, kwani mara nyingi huwa ndani ya msafara au karibu nao. Akilia kwa nguvu mahali pamoja bila kuhama, simama. Usikimbilie. Tazama msafara unaelekea wapi, uwatangulie kwa njia, ukae mbele yao. Wakikufikia watapita juu na pembeni yako bila kukujali. Ukiwafuata kwa nyuma, utaona mikia.

Anza kutazama chini kwenda juu: vichaka kwanza, halafu matawi ya kati, mwisho vilele. Watu hufanya kinyume kwa sababu kelele kubwa iko juu, na waliokuwa chini wanakuwa wameshapita.

Kwa ndege wa vileleni, mlima wenyewe unakusaidia. Amani ni miteremko mitupu. Tafuta mahali ambapo barabara imekatwa ubavuni mwa mlima na miti iliyoota bondeni inafikisha vilele vyake usawa wa macho yako. Barabara ya kwenda Kwamkoro na njia za Mbomole zina sehemu nyingi za namna hiyo. Hapo shingo haiumi, na ndege hawaonekani weusi dhidi ya anga nyeupe. Jua liwe mgongoni mwako. Simama nusu saa. Chozi wa Amani hupatikana hivyo: mdogo sana, kichwa cheusi chenye kung'aa, tumbo jeupe, akichakura majani ya juu kabisa. Yupo pia Arabuko-Sokoke na Udzungwa, lakini hapa ndipo lilipotoka jina lake. Atakuwa karibu na chozi mwingine wa milima hii, mwenye mkanda mwekundu kifuani, Anthreptes rubritorques, ambaye wakati wa baridi hukusanyika makundi makubwa. Angalia pia kubwiro kichwa-kijani, zuwakulu wa kijani, na kwezi wa Kenrick, mweusi mwembamba mwenye mkia mrefu.

Ukingo wa msitu usiudharau. Wageni wengi hukimbilia ndani wakidhani ndani ndiko kwenye thamani, wanapita juu ya hazina yao. Hyliota wa Usambara, ndege mdogo mwenye mgongo mweusi na koo la rangi ya chungwa, anaonekana kwenye miti mirefu iliyoachwa mashambani na kando ya vijiji. Tai anayekula nyoka, Circaetus fasciolatus, hukaa ukingoni akitazama uwazi. Na Artisornis moreaui, yule wa mwaka 1931, anaishi ndani ya mimea itambaayo iliyosongamana pale mti ulipoanguka au msitu unapokutana na shamba.

Huyu ndiye mgumu na ndiye ninayempenda kuliko wote. Kijivu, mdogo, mdomo mrefu mwembamba, hana cha kujionyesha. Duniani kote anajulikana Usambara Mashariki na eneo moja la kaskazini mwa Msumbiji, na yumo hatarini kutoweka. Kumwona fanya hivi: mwongozaji akuonyeshe songamano la mimea ambalo jozi inakaa. Simameni mita kumi au kumi na tano kutoka hapo, kimya, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Sauti itatoka ndani, rahisi, ya kujirudia. Usitazame songamano lote. Chagua uwazi mmoja mdogo ambao mwanga unapita, utazame huo. Hupanda polepole ndani ya mimea kama panya, na atapita kwenye uwazi wako kwa muda mfupi. Wakati mwingine hapiti. Rudi kesho yake mahali palepale. Shirika la Nature Tanzania limekuwa likifanya kazi Amani kumlinda ndege huyu, na ukimwona, mahali na saa vinawafaa.

Siafu

Mkikutana na mstari wa siafu, msiuruke mkaendelea. Siafu wanapotawanyika kuwinda huwafukuza panzi, mende na buibui, na ndege wa chini ya msitu hujua. Hapo ndipo unapata alethe mwenye kifua cheupe, Chamaetylas fuelleborni, ndege ambaye kwa kawaida ni sauti tu na kivuli. Chomeka suruali kwenye soksi. Simama mita nne au tano kutoka ukingo wa siafu, angalia miguu yako kila dakika, na usichezeshe mikono. Kwanza utaona majani makavu yakirukaruka. Kisha ndege anatua kwenye fito usawa wa goti, kahawia mgongoni, kifua cheupe kabisa, anatikisa bawa moja, anadaka mende, anarudi palepale. Akishakuzoea anaweza kukaribia hadi darubini ishindwe kumlenga. Hapo iteremshe, umtazame kwa macho.

Usiku

Bundi mkubwa wa Usambara, Bubo vosseleri, alitambuliwa kisayansi mwaka 1908 kutokana na Amani hii. Sauti yake ni nzito, inatoka chini kama ngurumo ya mbali, na kumsikia ni rahisi kuliko kumwona. Mchana, ukisikia ndege wadogo wengi wakipiga kelele za hasira mahali pamoja, sogea. Huenda wamemgundua amelala.

Usiku tembea na mwongozaji, na usipige sauti ya bundi karibu na nyumba za watu. Wengi katika vijiji vyetu humhusisha bundi na msiba, na mgeni anayemwita bundi usiku dirishani pa mtu anawatia watu hofu na kumchongea ndege. Njiani mulika matawi ya chini taratibu. Vinyonga hulala wamepauka na huonekana vizuri kuliko mchana; madume ya Trioceros deremensis yana pembe tatu puani.

Kuhusu kuwachezea ndege sauti zao

Kuwapigia ndege rekodi ya sauti yao ili watoke ni tabia iliyoenea, nami naikataa kwa Amani. Dume akisikia sauti hiyo anadhani mpinzani kaingia kwake, anaacha kula na kulisha, anakuja kupigana na hewa. Mgeni mmoja akifanya mara moja huenda pasiwe na dhara. Lakini jozi za Artisornis zinazofikika kirahisi ni chache, na kila kundi linapelekwa kwenye jozi zilezile. Mwambie mwongozaji asubuhi, kabla hamjatoka, kwamba hutaki rekodi. Wengi hufanya kwa kuwa wanadhani mteja atakasirika asipoona. Bakshishi mpe sawasawa hata kama ndege hakutokea, ili asione kwamba subira inamnyima riziki.

Kiota ukikikuta, rudi nyuma ulipotoka. Usisogeze majani ili upate picha, kwani majani hayo ndiyo yaliyokuwa yakimficha kinda.

Kuandika ulichoona, na kuendelea na safari

Andika jioni hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, idadi, na alikuwa akifanya nini. Ambaye huna uhakika naye, andika ulichoona badala ya jina: "mgongo wa kijani, jicho jeupe, chini ya mita mbili". Kumbukumbu ya aina hiyo huweza kutambuliwa baadaye. Jina la kubahatisha haliwezi kurekebishwa. Rekodi zako zipeleke kwenye eBird, tovuti ya kukusanya rekodi za ndege, au Atlasi ya Ndege wa Tanzania, lakini sehemu halisi wanapolala au kutaga bundi usizitangaze hadharani.

Kabla ya kushuka nunua iliki, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wa vijijini. Ni mazao ya milima hii. Shebomeza kuna mradi wa wanakijiji wa kufuga vipepeo, na saa moja hapo ni ya manufaa hasa mvua ikikuzuia kutembea.

Ukibaki na siku mbili, rudi Segera hadi Mombo upande Lushoto, ukatembee Hifadhi ya Magamba. Iko Usambara Magharibi, juu sana kuliko Amani, na ndege wake wengi ni wengine. Ndege mdogo Sheppardia montana hapatikani popote duniani isipokuwa misitu ya upande huo. Huko chukua sweta zito na glavu, hasa ukienda Julai, na umpigie mwongozaji simu ungali Muheza, maana usafiri wa kutoka Mombo kupanda ni rahisi zaidi asubuhi.